"Nice" ilivyoniaibisha mbele ya watu 11

Juzi msomaji mmoja kaniandikia. Ametuma kazi yake ya kwanza ya tafsiri, na mteja kamjibu kwa maneno mawili tu: "Nice try." Anauliza, "Kaka, nimshukuru vipi ili anipe kazi nyingine?" Nilicheka, kisha nikanyamaza ghafla. Yalishanikuta.

Miaka sita iliyopita nilipata kibarua cha kufanya kazi na Waingereza kwa mtandao. Kiingereza changu nilikiamini sana. Shuleni nilishika namba moja, na ndugu walikuwa wakiniletea barua zao niwasomee. Siku ya kikao cha tatu nikachelewa dakika 20. Naingia, nyuso 11 kwenye skrini, mwenye kikao anatabasamu: "Nice of you to join us." Nikajua nimekaribishwa. Nikaweka mkono kifuani, nikajibu kwa sauti, "It's my pleasure!" Mmoja akazima kamera. Mwingine akainama kama aliyeangusha kalamu. Jioni nikamsimulia mke wangu jinsi watu wale walivyo waungwana! Wiki nzima ilipita ndipo mwenzetu mmoja akanihurumia, akanieleza kwamba pale nilikuwa nasemwa kwa kuchelewa. Mpaka leo nikikumbuka naona haya, hata nikiwa peke yangu chumbani.

Nikalichimba neno lenyewe. Asili yake ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua. Likapitia Kifaransa cha kale, likaingia Kiingereza kwa maana ya mpumbavu. Baadaye likawa la mtu mchaguzi, anayejali vitu vidogovidogo, ndiyo maana hata sasa "a nice distinction" ni tofauti nyembamba, si tofauti nzuri. Maana ya kupendeza ilikuja kushika karne ya 18. Kwa hiyo neno lililonifanya mjinga lilianza kazi hiyo zamani.

Kosa letu ni kulitafsiri "nzuri" na kufunga daftari. Hebu fikiria "nzuri" yetu ya kwenye salamu. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila mtoto kalazwa." Hakuna anayeshangaa, kwa sababu nzuri ile haipimi kitu, inaitikia tu. "Nice" nayo mara nyingi ni ya namna hiyo. "Nice to meet you" ni salamu. Mvua ikimwagika, Mwingereza atakwambia ni "nice weather for ducks", hali ya hewa ya kuwafaa mabata. Ukisikia "He's a nice man, but...", subiri kinachokuja baada ya "but", habari iko huko. Na "It would be nice to have it by Friday" niliidhania matamanio, Ijumaa nikalala zangu mapema. Kumbe ilikuwa amri. Hilo nalo lilinigharimu, sisemi zaidi.

Kwa hiyo sikiliza sauti, tazama na tukio. "Nice job" kwa aliyemaliza kazi ni sifa. Kwa aliyemwagia kompyuta maji ni dongo. Na wewe ukimsifia mtu kwa maandishi, hasa barua ya kumpendekeza kazini, usiandike "She is very nice." Niliwahi kumwandikia hivyo mwenzangu nikidhani nimempamba, kumbe anayesoma anaona sina la kusema. Taja alichofanya: aliwahi, aligundua makosa, alitulia mteja alipofoka.

Vijana mnakesha mkikariri maneno marefu ya kwenye kamusi, halafu neno la herufi nne linawaangusha. Kiburi hicho! Nakijua kwa sababu nilikuwa nacho. Ukiwa na shaka uliza, "Una maana gani?" Sikilizeni. Ulizeni. Nasema tena, ulizeni.

Msomaji wangu nilimjibu kwamba "Nice try" ni kama kuambiwa umejitahidi ila hujafika, na huambiwa hata mtu aliyejaribu kudanganya akashtukiwa. Asishukuru. Amuulize mteja ni sehemu gani haikumridhisha, airekebishe, airudishe siku hiyohiyo.

Alikaa kimya kama saa moja. Kisha akaandika: "Kaka, nimeshamtumia, 'Thank you so much, you are also nice.'"