Kula Mwanza ukitokea Geita

Ndugu, umeuliza mle wapi wewe na rafiki yako mwishoni mwa juma hili, ilhali safari mmeiamua jana tu. Usihofu, kwani tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kusubiri kivuko. Jumamosi asubuhi nendeni soko la samaki la Mwaloni Kirumba, mchague sato ambaye macho yake bado yanang'aa na mashavu ni mekundu, kisha mumwombe mama lishe awakaangie hadi ngozi ikauke kabisa, mle kwa ugali wa udaga (unga wa muhogo uliovundikwa) na kachumbari yenye ndimu nyingi. Sangara naye ni mzuri, ila kwangu sato hana mpinzani. Jumapili tafuteni matobolwa sokoni. Viazi vitamu hivyo vilivyochemshwa na kukaushwa hustahimili safari, tena vinanoga kwa chai.