Chembe sahani zimeshuka baada ya heparini

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama alichomwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa donge la damu mguuni. Siku ya 7 chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikashuka kutoka 240,000 hadi 90,000. Dawa imesimamishwa, ila wamekataa kumwongezea chembe sahani. Kwa nini?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba. Kingamwili zake zimeishika heparini iliyoungana na protini ya chembe sahani, nazo chembe zikachachamaa. Ndiyo maana, ingawa zimepungua, hatari kubwa ni damu kuganda, si kuvuja. Kama havuji damu, kumwongezea ni kuchochea moto.

Heparini ikome kabisa, hata ile kidogo ya kusafishia kanula (mrija wa mshipani). Enoksaparini ni ndugu yake, nayo haifai. Kusimamisha peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi hukosea: aanzishiwe mara moja kizuia-kuganda kingine, kama agatrobani, fondaparinuksi au vidonge vya rivaroksabani, kulingana na hali ya figo na ini. Warfarini, kizuia-kuganda kingine cha vidonge, isubiri chembe zifike 150,000. Ikiwahi, yaweza kuozesha ngozi hata kiungo. Mguu ukibadilika rangi au pumzi ikibana, muiteni daktari saa hiyohiyo. Mzio huu uandikwe kwenye faili lake.