Lenzi za sinema za 3D: mmeuliza, tunajibu

Kwa nini lenzi moja ya kawaida haitoshi?

Funga jicho moja ujaribu kutunga uzi kwenye sindano. Macho yetu yametengana kwa milimita 63 hadi 65 hivi, na kila moja linaona picha inayotofautiana kidogo na ya mwenzake. Tofauti hiyo ndiyo inayotupa kina, yaani hisia ya kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Ndiyo maana 3D huhitaji lenzi mbili.

Ni kweli 3D ya Hollywood ilivuma kwa simba wa Tsavo?

Kweli. Filamu ya Bwana Devil ya mwongozaji Arch Oboler, 1952, inasimulia simba waliokula wajenzi wa reli, ingawa sehemu kubwa ilipigwa California. Kamera mbili zilitazamana, kila moja ikipiga kupitia kioo kilichoinamishwa.

Kwa nini zisipangwe bega kwa bega?

Lenzi nzuri ni nene. Ukizibananisha, bado umbali wake unapita ule wa macho, na mtu aliye karibu huonekana mdogo kama mwanasesere. Siku hizi hutumika kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kuakisi nusu: kamera moja hutazama mbele kukipitia, nyingine husimama wima ikipokea kilichoakisiwa. Umbali unaweza kupunguzwa hata hadi sifuri. Kila kamera, hata hivyo, hubaki na nusu ya mwanga, na mng'ao wa maji unaweza kuonekana kwa jicho moja tu.

Nikinunua lenzi mbili za aina moja, si zitalingana?

Hapana, na hili ndilo ningependa kila mpiga picha alijue. Hata lenzi zilizotoka kiwanda kimoja hupishana. Ukivuta picha karibu, kitovu chake huhama kidogo, na kila lenzi huhama kivyake. Tofauti ya kulia na kushoto ubongo huisoma kama kina. Ya juu na chini hauivumilii, maana macho yetu hayapandi moja huku jingine likishuka. Hapo ndipo watazamaji huumwa kichwa. Kwa hiyo lenzi huchaguliwa kwa jozi, na mota huzungusha fokasi (ukali wa picha), tundu la mwanga na zumu (kuvuta picha karibu) za zote mbili kwa pamoja.

Kuna njia rahisi zaidi?

Ipo. Mwaka 2021 Canon ilitoa lenzi pacha za jicho la samaki, yaani zinazoona eneo pana sana, kwenye umbo moja, zimetengana milimita 60, picha zote mbili zikitua kwenye sensa moja, kile kipande cha kamera kinachonasa picha. Wazo lenyewe si geni: mwaka 1966 Oboler yuleyule alipiga The Bubble kwa lenzi iliyopanga picha mbili, moja juu ya nyingine, kwenye mkanda mmoja. Kwa anayeanza ningeshauri pacha hizo, ila umbali wake haubadiliki, kwa hiyo usimsogelee mno unayempiga.