Kabla hujachora mtandao wa watu, jua kwanza Mama Asha ni yupi

Jamani wiki hii nimepigiwa simu na vijana wawili wa chuo, wote wanataka kufanya risechi ya mitandao ya kijamii, na sio Facebook wala Instagram, ni ile ya kuchora nani anahusiana na nani, kila mtu nukta, kila uhusiano mstari, na wote wameniuliza swali lilelile, "kaka nitumie programu gani?" Nikacheka. Maana na mimi nilianzia hapohapo, wiki mbili nzima najifunza Gephi usiku, laptopu imechemka kama karai, na sijashuka ufukweni kuongea na mtu hata mmoja. Gephi ni ya bure, inataka jedwali lenye safu mbili tu, nani anatoka na nani anaenda, ukikaa nayo mchana mmoja umeielewa. Kazi yenyewe iko kwingine kabisa.

Ya kwangu niliifanya Bagamoyo, pale diko la samaki, mashua zinapoleta mali, chini ya Mji Mkongwe, kwa mama karanga. Kwa asiyewajua, hao ndo kinamama wanaonunua samaki mnadani, wanawakaanga na kuwauza. Nilitaka kujua wanakopeshana vipi, maana mtaji wa wengi wao haupo benki, upo kwa mtu. Leo sina kitu, nikatie ndoo moja ya vibua, kesho nikiuza nakuletea chako. Mali kauli, maisha yanaenda.

Swali langu la kwanza nililiandika kisomi: "Taja marafiki zako watano wa karibu hapa kazini." Mama wa kwanza kumhoji alikuwa anageuza vibua, moshi unaniumiza macho mimi yeye wala hana habari, nikampa shikamoo, nikasoma swali. Akaniangalia. "Mwanangu, hapa wote marafiki zangu, andika wote." Nikamwambia mama naomba watano tu. Akanitajia watano waliokaa palepale jirani yake wanatusikiliza! Sasa ulitaka afanyeje, amruke mtu aliyekaa naye bega kwa bega? Nilikuwa sipimi urafiki pale, nilikuwa napima adabu. Halafu ile "watano" nayo ni mtego, ukishalazimisha watano kila nukta itatoa mishale mitano, yaani mistari ya kwenda kwa aliowataja, kisha unaandika kwenye ripoti eti wastani wa mahusiano ni matano. Wakati hiyo tano umeiweka mwenyewe!

Siku ya pili nikaligeuza. Mara ya mwisho ulipoishiwa hela ya mnada, nani alikutoa? Hapo akaweka mwiko chini kabisa. Akawaza. Akasema, kwa sauti ndogo, "Yule aliyekuwa mke mwenzangu. Hatusalimiani vizuri, ila shida ikinikuta ndo ananitoa." Jana yake hakumtaja, na asingemtaja hata ningekaa pale mwaka mzima nauliza habari za marafiki. Kwa hiyo vijana wangu, uliza tukio, tena la mwisho, lenye kitu kilichotoka mkono mmoja kikaingia mkono mwingine. Nani alikukopesha, nani ulimpelekea mtoto alipoumwa, nani alikupigia simu kwamba leo mashua zimerudi na mali. Kila swali lina mtandao wake, usiyachanganye kwenye picha moja ukaiita "mahusiano".

Haya, twende kwa Mama Asha. Hili sikuwahi kulikuta kwenye kitabu chochote labda kwa sababu walioviandika hawajahoji watu wa pwani. Daftari langu lilikuwa na majina 43. Wanawake niliokuwa nawasoma walikuwa 30. Wale 13 wametoka wapi? Kulikuwa na Mama Asha, Mama Asha mweupe, Mama Asha wa Magomeni (ya hapahapa Bagamoyo, sio ya Dar), Bi Mkubwa, dada wa kule mwisho, na baada ya siku tatu za kuzunguka nikagundua Mama Asha mweupe na Bi Mkubwa na dada wa kule mwisho ni mtu mmoja, inategemea anayemtaja ni mdogo wake, shemeji yake au mdaiwa wake. Na Mama Asha peke yake, bila kiambishi, ni wawili tofauti! Huyu wa Dunda akisema Mama Asha anamaanisha huyu, yule wa Magomeni anamaanisha yule. Programu haijui hayo, yenyewe inaona herufi tu, ukiandika "Mama Asha" na "Mama  Asha" umegusa nafasi mara mbili, tayari una watu wawili.

Nilichofanya, nilimwomba mama mmoja mtu mzima anayemjua kila mtu tukae jioni moja na daftari, jina moja moja, huyu nani, anakaa sehemu gani ya diko, ana majina mangapi. Kila mtu akapewa namba, K01 mpaka K30, na daftari la namba na majina likakaa mbali na data. Ile jioni moja na chupa ya chai ilinisaidia kuliko wiki mbili za Gephi, nasema kweli.

Nikirudi nyuma kidogo, mambo haya hayakuanza na kompyuta. Daktari wa akili mmoja, Moreno, kule Marekani, mwaka 1934, alichapisha michoro ya wasichana wa shule ya Hudson, nani anataka kukaa na nani, kwa nukta na mistari ya mkono. Halafu mwaka 1954 mwanaanthropolojia John Barnes akaandika kuhusu Bremnes, kisiwa cha Norwei chenye wavuvi na wakulima, na ndo anayetajwa kuwa wa kwanza kulitumia neno mtandao wa kijamii kama chombo cha uchambuzi na sio mfano wa kupamba maneno tu. Wavuvi! Nilivyosoma hilo nikajisikia niko nyumbani.

Hesabu zenyewe haziumi kichwa. Watu 30, kila mmoja anaweza kuwataja wenzake 29, hiyo ni mishale 870 inayowezekana. Mi nilipata 96, sawa na asilimia 11 hivi, ndo unaita msongamano. Usiseme ni mdogo au mkubwa kabla hujapata wa kulinganisha nao. Kuna kipimo kingine cha mwanasosholojia Freeman, cha 1977, cha kumtafuta mtu anayekaa katikati ya njia za wenzake, yaani wengi ili wafikiane lazima wapite kwake, na hapo nilidanganyika vibaya. Nukta yangu kubwa ilikuwa mama mmoja nikamwandika kama ndo kiungo cha diko zima. Kumbe nilijifungia kwa mama karanga peke yao. Mistari yenye nguvu ilikuwa inatoka nje ya picha, kwenda kwa dalali wa mnada, kwa nahodha ambaye ni mjomba wa mtu, kwa mnunuzi wa Dar anayekuja mara moja kwa mwezi. Ningewaingiza hao, yule mama angeshuka mpaka chini. Mipaka ya nani yumo na nani hayumo iamue mapema, na uiandike, maana kipimo chochote utakachopata kinategemea mipaka hiyo.

Huyo mnunuzi wa Dar ndo alinifanya nimwelewe mwanasosholojia Granovetter na makala yake ya 1973. Aliwauliza watu wa karibu na Boston waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Asilimia 16.7 tu walisema mara kwa mara, 55.6 mara mojamoja, 27.8 kwa nadra. Yaani habari mpya inatoka kwa mtu wa mbali, kwa sababu wa karibu anayajua uliyoyajua wewe. Kinamama wa pale wakitaka kujua bei ya Dar leo hawaulizani wao kwa wao, wanampigia huyo.

Kuhusu makundi niseme kidogo tu. Programu itazipaka nukta rangi tatu, kila rangi ni kundi la wanaotajana zaidi, na utajisikia mwanasayansi. Mi nikaandika hili ni kundi la Dunda, hili la Magomeni, safi. Nikamwonyesha yule mama wa chai akasema hapana, hawa ni wa mnada wa alfajiri na hawa wa jioni. Basi.

Sasa kosa langu kubwa. Niliona ni uungwana nirudishe majibu, nikachapa picha kwenye karatasi kubwa, majina nimeyaondoa, namba tupu, nikabandika ubaoni kwenye kibanda chao cha kikoba. Dakika tano hazijaisha mmoja kasema, "Hii yenye mishale mingi inayotoka si ni fulani?" Watu 30 wanaojuana toka utotoni hawahitaji jina! Mishale inayotoka ilikuwa madeni. Yule mama aliondoka kimya, na mchezo wao wa wiki ile hakuutoa. Nilibidi nimtafute mzee wa kwenda naye kumwomba radhi, na alinisamehe kwa mdomo, moyoni sijui. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, isome, ila hata usingekuwa na sheria: karatasi ya madeni haibandikwi. Ukitaka kurudisha majibu ongea na mmoja mmoja, umwonyeshe mistari yake yeye tu, au toa maneno bila picha.

Na siku hiyohiyo ya aibu ndo nilijifunza la mwisho. Nilihoji mwezi wa pili, kaskazi, bahari imetulia, samaki wapo. Nilirudi na picha mwezi wa saba, kusi linavuma, nusu ya makarai hayajawashwa, vijana wengine wamekwenda dago, kambi za uvuvi za mbali. Nikamkuta yule mama wa kwanza, nikamuuliza kwa mzaha, mke mwenza wa zamani bado anakutoa? Akacheka, akasema siku hizi mimi ndo namtoa yeye, mashua ya mwanawe imeharibika. Mstari ni uleule, mshale umegeuka. Nikaibandua ile karatasi, na kwenye nakala niliyobaki nayo nikaandika juu kwa kalamu: Februari.