Tantini, bwana yangu anataka tupangishe nyumba tukaishi ndani ya basi

*Tantini, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 57, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Bwana yangu alistaafu mwaka jana. Sehemu ya dekonte yake ya mwisho, yaani malipo ya kuacha kazi, akanunulia gari-nyumba la zamani, Wanderlodge ya 1984, ambalo wamisionari Wamarekani waliliacha kwenye kiwanja chao walipoondoka. Ndani mna kitanda, jiko, friji, choo, bafu, viti vya ngozi na makabati ya mbao. Limejaza parsele yetu, kiwanja chote cha nyumbani, hata kamba ya kuanikia nguo sina tena pa kuifunga.*

*Sasa anasema nyumba tuipangishe, sisi tuhamie ndani ya basi. Kodi itatengeneza injini, halafu tutakuwa tunakwenda kuwaona watoto Likasi na Kolwezi. Tangu Februari analala humo peke yake karibu kila siku. Mawifi zangu wanasema nimemfukuza chumbani. Sijamfukuza. Nikikubali nitakuwa mke mwema au mjinga?*
— Mama wa Katuba

Mama yangu, marahaba. Nianze na jibu, maana najua umelingoja: nyumba msiipangishe. Basi nalo usimwambie aliuze. Hayo mawili nayasema kwa pamoja, na nakuomba uyapokee hivyo hivyo, usichukue moja ukaacha lingine.

Nyumba kwanza. Wewe na mimi tulikuwa hapa mwaka 2003, maelfu ya wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walipoondoka kazini kwa hiari na dekonte mkononi. Tuliona waliofungua mashine ya kusaga, walionunua gari la teksi, walioanza kulima barabara ya Kasumbalesa. Wengine walifanikiwa. Wengine gari lilikufa mwaka wa pili. Lakini aliyebaki na paa lake alilala, akaamka, akaanza tena hata kwa kuuza makala (mkaa) langoni. Aliyegusa nyumba hakuwa na pa kuanzia. Pale mtaani kwetu nawajua kwa sura mpaka leo.

Na mpangaji si mtu wa kumwambia "tumebadili mawazo, toka." Atakuwa amelipa garanti, pesa ya dhamana ya miezi kadhaa, na ile garanti ndiyo bwana yako atakayoitia kwenye injini. Siku mtakapoitaka nyumba, mtatakiwa kurudisha pesa ambayo imeshageuka kuwa vipuri. Tena kumbuka kwamba Sheria ya Familia ya 1987 ilirekebishwa mwaka 2016. Zamani mke aliomba ruhusa ya mume ndipo atie saini; sasa mume na mke wanatakiwa wakubaliane katika mikataba inayowafunga. Kwa hiyo neno lako lina uzito. Mwambie kwa upole, mkiwa wawili tu, kwamba kwenye karatasi ya kupangisha hutatia mkono.

Sasa basi lenyewe. Hapa nataka tuelewane vizuri, maana katika barua yako nimesikia kama unaona bwana yako ameokota chuma chakavu. Hapana, Mama. Wanderlodge ilitengenezwa na Blue Bird, kampuni ya mabasi ya shule ya Fort Valley, jimbo la Georgia kule Marekani. Walianza kuyaunda mwaka 1963, juu ya mifupa ile ile ya chuma waliyowapakilia watoto wa shule, ndiyo maana mpaka leo mengine bado yamesimama wima. Yalikuwa magari ya matajiri. Mtu aliagiza lake, akachagua mbao, vitambaa, mpangilio wa vyumba. Hata kwao hayatengenezwi tena. Bwana yako amenunua kitu ambacho mtu fulani alikipenda sana zamani, na macho yake yaliliona hilo.

Nilimpigia kaka yangu, aliyefanya kazi ya ufundi wa mitambo migodini zaidi ya miaka ishirini. Nilipomtajia gari la miaka ile lenye injini mbele, akaniambia litakuwa na injini ya Caterpillar 3208, V8 ya silinda nane, ya mazutu (dizeli), lita 10.4. Ukifunua kifuniko ukaikuta hiyo, basi Mungu amewahurumia, kwa sababu Katanga tunaishi na Caterpillar za migodini. Fundi anayeijua sauti ya injini hiyo hutamtafuta Johannesburg, yupo hapa hapa Kampemba au Ruashi. Ila kaka alinionya jambo moja. Injini kubwa za migodini zina silinda za kuvalishwa. Zikichakaa unatoa, unavalisha nyingine. Hii 3208 haina. Silinda zimetobolewa ndani ya bloku yenyewe, na zikilika, kazi yake ni kuchonga bloku nzima au kutafuta injini nyingine. Adui yake mkubwa ni joto. Kwa hiyo asiiwashe kila jioni ili majirani wasikie inavyonguruma, kabla rejeta haijasafishwa, mipira ya maji haijabadilishwa yote na maji ya kupozea hayajawekwa mapya. Akiichemsha mara moja tu, hiyo kodi ya nyumba ya miaka miwili haitatosha.

Jambo la pili ni umeme, na hili lifanye leo, usingoje kesho. Hukuandika kama ameunganisha, lakini mtu anayelala humo kila siku lazima atavuta waya kutoka nyumbani. Vyombo vya basi hilo viliundwa kwa umeme wa Marekani, volti 120. Ukutani kwako mnatoka volti 220. Kiyoyozi, chaja ya batri, hata soketi ya kando ya kitanda, vikipokea hizo 220 vitaungua, na mbao kavu za miaka arobaini zitafuata. Inatakiwa transfoma ya kweli, ya uzito wa kutosha, ifungwe na fundi umeme anayejua anachofanya. Na hata ikiwepo, mota ya kiyoyozi ilizoea hezi 60, hapa tuna 50; itazunguka polepole na kupata moto. Kiyoyozi wakiache kwanza. Taa na batri vinatosha.

Matairi yasikudanganye kwa meno yake. Piga magoti kando ya kila tairi na tochi, tafuta neno DOT, kisha fuata maandishi mpaka ukute namba nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2311, hilo tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2011. Gari lililosimama juani miaka mingi, tairi linakauka kwa ndani wakati kwa nje bado linang'aa, na la mbele likipasuka mko kwenye mteremko wa kuingia Likasi, breki hazitawasaidia. Kubadilisha yote ni gharama kubwa. Ndiyo gharama ya kwanza, kabla ya rangi, kabla ya mapazia.

Choo pia. Maji machafu ya basi yanaingia kwenye tangi chini ya sakafu, na tangi likijaa lazima limwagwe mahali. Kwetu hakuna vituo vya kumwagia kama kule yalikotoka, kwa hiyo itakuwa ni foso yenu, shimo la choo la nyumbani, kwa mpira mnene, na vali isiyovuja. Ukiingia bafuni bonyeza sakafu kwa kisigino pembeni mwa choo. Ikibonyea kama mkate uliolowa, maji yameshaoza ubao, na mvua za Novemba zitaumaliza.

Na sasa lile linalonitia hofu kuliko yote. Tuko karibu kuingia Juni. Unajua baridi ya Lubumbashi alfajiri, na basi ni bati. Usiku linakuwa kama sanduku la barafu. Bwana yako atashawishika kuingiza mbabula, jiko la makala. Mama, nakusihi. Mimi mwenyewe, nikiwa bado na mtoto wa kwanza, tuliingiza mbabula chumbani usiku mmoja wa Juni, tukafunga dirisha, makala yalikuwa yameshakuwa mekundu, hayana hata moshi. Niliamka kwa kuwa mtoto alilia. Nilipojaribu kusimama miguu haikunishika, nikatambaa mpaka mlangoni nikaufungua kwa kichwa. Mume wangu tulimvuta nje akiwa mzito kama gunia la mahindi. Alipona. Hewa ile ya sumu ya makala haina harufu wala haikohozi mtu, na basi lililofungwa ni dogo kuliko chumba chetu cha siku ile. Mpelekee blanketi la pili, hata mkiwa mmenuniana. Ukikuta mbabula humo, itoe wewe mwenyewe kwa mikono yako, mgombane baadaye.

Nimeongea sana juu ya gari, maana hatari zake haziwezi kungoja. Lakini barua yako, Mama, mstari ulionishika ni ule wa Februari. Mtu aliyeamka saa kumi za usiku miaka yote, akavaa buti, akapanda basi la kazini gizani, siku moja anaambiwa pumzika. Anabaki parsele mchana kutwa, na parsele ina mwenyewe: ni wewe. Jiko ni lako, majirani ni wako, hata kuku wanakufuata wewe. Akikaa barazani anakaa kama mgeni. Halafu anapata chumba kimoja chenye vitasa, vali, saa za kupimia, funguo, vitu ambavyo mikono yake inavielewa. Mimi sidhani anakukimbia. Nadhani amepata mahali ambapo bado ana kazi. Na alipokuambia mhamie humo, pengine alikuwa anakualika, akakosa namna nyingine ya kusema.

Umewahi kulala humo hata usiku mmoja? Hukuandika.

Mawifi wasikusumbue, lakini usiwaache na neno hilo pia. Siku wakija, wapelekee chai ndani ya basi, mkae wote kwenye viti vya ngozi, bwana yako awaonyeshe. Watakuona umeketi kwake na maneno yatakosa pa kusimama.

Kuhusu pesa, pangeni kiasi kimoja kwa mwezi kutoka kwenye pensheni, kiasi ambacho kikipotea chote bado mtakula bukari (ugali) na samaki. Kiwekwe kando, ukishike wewe, na kila kipuri kinunuliwe kutoka humo. Kikiisha, fundi anangoja mwezi ujao. Na asiote Kolwezi kwanza. Gari la uzito ule linakula kama lita 35 za mazutu kwa kilomita 100, na Kolwezi ni karibu kilomita 300: kwenda tu ni zaidi ya lita 100, bado peaji, ushuru wa barabara. Likasi ni kilomita 120 hivi. Matairi yakiwa mapya na breki za upepo zikiwa zimepimwa, waambieni watoto wa Likasi mnakuja Jumamosi, mlale langoni kwao, mrudi Jumapili. Safari moja ya hivyo itawafundisha mengi kuliko ubishi wa mwaka mzima. Ikienda vizuri, laleni humo hata siku mbili kwa juma. Nyumba ipo hapo hapo, hatua kumi, na funguo zako mfukoni.

Kamba ya nguo mwambie akufungie kutoka kwenye ngazi ya nyuma ya basi hadi kwenye mwembe, au mti wowote mlio nao. Atafanya hivyo siku hiyo hiyo, utaona.

Jioni hii chukua tochi, mwite mkaangalie matairi pamoja. Wewe shika mwanga, yeye asome. Kisha niandikie zile namba nne, tairi kwa tairi, nimpelekee kaka yangu.

Tantini