Gari la kulala likisumbua Arusha, tafuta fundi wa injini

Usizunguke Arusha ukiuliza gereji ya magari ya kulala. Utaletewa kijana atakayeshangaa jiko na vitanda kwanza, boneti baadaye, na bei itapanda kadiri anavyoshangaa. Kosta yangu ina sinki, tanki la maji na betri ya pili, lakini chini ya vyote hivyo kuna 1HZ, injini ya Toyota ya dizeli, lita 4.2 na silinda sita, ileile iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi za watalii mjini hapa. Mafundi wameilea miaka mingi. Kwa hiyo ninapoulizia fundi, vitanda sivitaji kabisa.

Wewe nawe anza na injini. Mwenye basi dogo la Rosa aende kwa mafundi wa malori ya Canter, maana zote ni Fuso na zimetumia injini zilezile, kama 4D33 na 4D34. Upande wa Moshi, sogea hadi Himo, pale njia ya Holili inapoachana na ya Dar: malori hayakauki, na fundi aliyezoea malori hatishwi na gari zito. Aliyekuja na vani ya Sprinter au Ducato kutoka Ulaya ana safari ndefu zaidi. Hizo zina komonireli, yaani dizeli inayopulizwa kwa presha kubwa ikiongozwa na kompyuta, na sensa kila kona, na mtu asiye na mashine ya kusomea hitilafu asiguse hata waya.

Ukishajua injini yako, nenda kwa madereva wa utalii. Usiwaulize fundi mzuri ni nani, maana kila mtu ana shemeji yake fundi. Waulize hivi: gari likikufia Ndutu, porini jirani na Serengeti, na wageni wamo ndani, unampigia nani? Hapo undugu unawekwa pembeni. Jina likitajwa na watu wasiojuana, huyo mtafute.

Ukimpata, mwangalie anavyoanza kazi. Kosta yangu iliwahi kutoa moshi mweupe kila asubuhi, msimu ule wa baridi ya Juni na Julai. Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo akasema hedi, kile kichwa cha juu cha injini, imekwisha, tuishushe. Wa pili aliniambia nilaze gari kwake, asiliwashe mtu yeyote mpaka afike. Asubuhi akauliza kama maji ya rejeta yanapungua, akachomoa dipstiki akaangalia rangi ya oili, ndipo akawasha. Injini ilipopata moto moshi ukakata. Akapima plagi za hita, zile zinazopasha injini moto iwake kwenye baridi, moja moja kwa taa, akabadilisha zilizokufa, basi. Hedi haijafunguliwa mpaka leo.

Moshi mweusi nao una maneno yake. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, na ukingo wa Ngorongoro unapita 2,200. Hewa huko ni nyepesi, na 1HZ haina tabo ya kuisukumia hewa, kwa hiyo mlimani itafuka kidogo hata ikiwa nzima. Ukiongeza vumbi la barabara ya Serengeti, kitu cha kwanza kukaguliwa ni filta ya hewa. Anayekimbilia kuzungusha skrubu ya pampu ya dizeli kwa kusikiliza mlio tu, mshukuru uondoke. Pampu na nozeli zina fundi wake, mwenye benchi la kupimia presha na kuonyesha dizeli inavyopulizwa. Mwambie akuwashie uone mwenyewe. Mwenye benchi kweli hakatai.

Umeme wa ndani, yaani sola, friji na betri ya pili, mimi humpa fundi wa sola, na simruhusu fundi umeme wa gari kuunganisha waya zake humo. Springi ni suala la uzito tu: mwonyeshe fundi gari likiwa na maji na mizigo yote, si tupu.

Spea ninanunua mwenyewe nikiwa na fundi, kile cha zamani mkononi. Kilichobadilishwa ninakichukua, hata kama ni takataka. Taimingi belti, mkanda unaopanga mwendo wa vavu na pistoni, ndiyo nisiyoifanyia ubahili: kwa 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ikikatika vavu zinagongana na pistoni. Ukinunua gari la mtumba ambalo historia yake haijulikani, badilisha tu, usibishane na muuzaji.

Kuhusu wakati: Aprili na Mei, mvua za masika zikipunguza watalii, kampuni nyingi huingiza magari gereji. Ukifika mwishoni mwa Mei utakuta kila fundi anakimbizana na msimu, na gari lako litasukumwa uani. Mimi hupeleka mapema, na sitoi malipo ya awali zaidi ya pesa ya spea. Vitu vya thamani vilivyomo ndani navishusha nyumbani. Gari lenye kitanda gereji hugeuka bweni la mlinzi, na sina ugomvi naye, ila shuka zangu ninazipenda.

Pesa ya ufundi inatoka baada ya kulijaribu gari mlimani, fundi akiwa kiti cha mbele. Kwa Arusha tunapanda barabara ya Namanga hadi Oldonyo Sambu. Kwa Moshi, Himo hadi Marangu Mtoni. Tukifika juu anafungua boneti injini ikiwa bado inanguruma, anaangalia mshale wa joto na mabomba kama yanavuja, na tukirudi ndipo tunahesabiana.