Milioni 20 za Siku Moja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kahama aliniandikia hivi: "Dada, nina milioni 8. Nataka nianze kukopesha watumishi kimyakimya, leseni nitakata mtaji ukikua. Unanishauri nini?" Nikamjibu neno moja tu: "Usianze." Akanuna. Na si yeye peke yake; tangu niliposti picha ya leseni yangu ya kukopesha, hakipiti kipindi bila mtu kuniuliza hilohilo. Basi leo nakaa chini niyaseme, pamoja na yale ambayo hata mume wangu aliyajua kwa kuchelewa.

Mimi nilianzia mitumba pale Mlango Mmoja, Mwanza. Mwaka 2014 nilikuwa nawapelekea walimu nguo shuleni kwa mali kauli: chukua leo, lipa mwisho wa mwezi. Siku moja mwalimu akaniambia, "Nguo ninazo, mama. Una elfu hamsini?" Nikampa. Mwisho wa mwezi akarudisha elfu sitini bila hata kukumbushwa. Marobota nimebeba miaka mingapi, na hakuna gauni lililowahi kunipa faida ya elfu kumi nikiwa nimekaa. Ndani ya miaka miwili nguo nikaziacha kabisa. Laki unarudisha laki na ishirini, milioni unarudisha milioni na laki mbili, kila mwezi. Mtaani wakaniita Mama Riba, na nisiwe mnafiki, nilikuwa nalipenda hilo jina.

Leseni nilikuwa nayo, ya halmashauri, ya biashara ya nguo. Nilidhani inatosha.

Mwaka 2018 ikatungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, kanuni zake zikatoka 2019. Sisi tunaokopesha bila kupokea amana tukawekwa daraja la pili, chini ya Benki Kuu. Daraja la kwanza ni benki za huduma ndogo za fedha, la tatu SACCOS, la nne vikundi kama VICOBA. Wakopeshaji tuliokuwa tayari sokoni tukapewa hadi tarehe 31 Oktoba 2020 kujisajili, kisha tukaongezewa hadi 30 Aprili 2021. Nilisikia redioni mara ya kwanza, nikasikia mara ya pili. Nikasema hayo ni ya makampuni makubwa, si ya mama mwenye kaunta buku.

Aprili ilipokaribia ndipo joto likanipanda. Nikamtafuta mtu aliyejiita mshauri, akataka milioni moja na nusu, nikampa. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, tukasajili kampuni, mimi na mume wangu tukiwa wanahisa. TIN, uthibitisho wa kodi, wasifu wa wakurugenzi, mpango wa biashara, sera ya mikopo. Hayo yote alisema niachie mimi. Nikamwachia. Kilichobaki kwangu kilikuwa mtaji: daraja la pili linataka usiopungua shilingi milioni 20.

Ninazo, nikamwambia. Na kweli nilikuwa nazo, na zaidi. Lakini zilikuwa mtaani. Zilikuwa kwa Mama Neema laki tatu, kwa fundi wa Nyakato laki na nusu, kwa walimu wa shule nne. Benki nilikuwa na shilingi 14,600. Mshauri akacheka: "Tafuta mtu akuazime, iingie leo, tuchapishe taarifa ya benki, kesho mrudishie." Nikampigia shemeji yangu anayefanya biashara ya ng'ombe Magu. Hakuniuliza maswali. Alikuja na fedha taslimu kwenye mfuko wa salfeti, tukahesabiwa dirishani kwa zaidi ya saa nzima, watu nyuma yetu wanaguna.

Maombi yakaenda. Baadaye nikaitwa Benki Kuu kutoa ufafanuzi. Ofisa alikuwa kijana mpole sana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Akafungua taarifa yangu ya benki, akaigeuza nione. Miezi sita ya mistari: elfu ishirini imeingia, elfu kumi na tisa imetoka, makato, makato. Halafu siku moja 20,000,000. Akaweka kalamu chini ya ule mstari, akauliza: "Mama, hii fedha imetoka wapi?"

Nikasema ni yangu. Akasema sawa, imetoka wapi? Nikasema kwenye biashara. Biashara gani? Nikanyamaza, maana biashara yenyewe ndiyo ile niliyokuwa naombea ruhusa ya kuifanya. Nikachomoa kaunta buku langu la kwaya tatu nikampa. Akafunua kurasa mbili. "Mwl. wa Nyakato 150 kapunguza." Kapunguza ngapi? Lini? Nani huyo mwalimu? Mimi nilijua. Daftari halikujua.

Kisha akafungua sera ya mikopo, ukurasa wa tisa, akanionyesha jina la kampuni nyingine kabisa. Mshauri wangu alikuwa amenakili, akasahau kufuta. Milioni moja na nusu yangu, jamani! Mpaka leo nikimwona barabarani navuka upande wa pili, si kwa kumwogopa, ni kwa kuiogopa midomo yangu.

Sikupata. Na haki yangu kukosa. Shemeji nilimrudishia zote, lakini kila tukikutana msibani au harusini lazima aseme mbele za watu, "Huyu ndiye niliyemwazima milioni 20 kwa siku moja." Watu wanacheka. Na mimi nacheka.

Kuanzia Mei 2021 niliacha kutoa mikopo mipya. Ya hapo katikati nayaruka, yalikuwa ya njaa na lawama. Wateja walihamia kwa wengine na wengine waliona kufungwa kwangu ndiyo msamaha wa madeni. Nililofanya ni moja: kila rejesho lililokuja nililipeleka benki, hata elfu tano, na kwenye stakabadhi niliandika limetoka kwa nani. Tuliuza kiwanja chetu cha Usagara, mkataba wa mauziano ukapitia kwa mwanasheria, fedha ikaingia benki jina kwa jina. Sera ya mikopo niliiandika mwenyewe usiku, mwanangu wa kidato cha tano akinisahihisha. Nilipoomba tena 2022, swali lilikuwa lilelile, imetoka wapi, na safari hii nilikuwa na karatasi ya kila shilingi. Leseni ninayo. Ipo ukutani, juu ya meza, kwenye fremu ya dhahabu niliyochonga kwa elfu thelathini, na anayeingia ofisini lazima aione kabla hajaniona mimi.

Kwa hiyo wewe wa Kahama, na wenzako: pesa ipite benki. Mnadhani kigumu ni ile milioni 20. Kigumu ni kueleza njia iliyopita. Pitisha benki. Andika jina kamili, namba ya NIDA, tarehe, kiasi, na mkopaji asaini akijua anachosaini, kwa lugha anayoielewa. Usimpe mshauri kalamu yako. Na milioni 8 si mtaji wa daraja la pili, hata ukizunguka vipi. Kama mna nia, jiungeni kikundi, kisajiliwe halmashauri, mkopeshane wanachama. Au fanya biashara nyingine ufikishe, na pesa ipite benki. Nimesema mara ngapi sasa? Nitasema tena.

Najua utaniambia wapo wanaokopesha bila leseni na wana magari. Wapo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali, watu walikuwa wanatumiwa ujumbe wa aibu mpaka kwa wakwe zao. Mwenye leseni ana mipaka: riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Milioni iliyokuwa ikinipa laki mbili sasa inanipa elfu thelathini na tano. Mwezi wa kwanza nililia, siwadanganyi. Sasa nina wateja wengi zaidi na ninalala. Mikopo ya kausha damu inamkausha hata anayeitoa, na nyie vijana mnaoiona ni ujanja mnapaswa kumwogopa Mungu kidogo.

Nahubiri, nami nilikuwa na kopo.

Lilikuwa kopo la biskuti, la bati, lenye picha ya maua. Ndani yake kadi za benki 31 za walimu, zimefungwa raba kwa shule, na juu ya kila kadi nimebandika kipande cha plasta nilichoandika namba ya siri kwa kalamu ya bluu. Mshahara ukiingia, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwenye mashine, nachukua changu, namhesabia mwenyewe kilichobaki. Ndiyo maana ya ile "kimyakimya" ya kijana wa Kahama. Nilipoisoma niliona kopo langu. Yule ofisa aliponiuliza nachukua dhamana gani, nilimjibu wadhamini wawili na barua ya serikali ya mtaa. Kopo lilikuwa chini ya kitanda.

Kabla ya kuomba mara ya pili nilizunguka shule hadi shule nazirudisha. Wengi walipokea bila neno. Mmoja alinitukana mbele ya darasa, nikatulia, alikuwa na haki. Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Igoma aliyekaribia kustaafu, kadi yake nimekaa nayo miaka mitatu na ushee. Akaishika, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho, kisha akanirudishia.

"Nisomee hiyo namba," akasema. "Mimi nilishaisahau."

Nikamsomea.